Chumba Chenye Moto

Msomaji wa Biblia atakumbuka mlango wa 27 wa Matendo ya Mitume, pale meli iliyomchukua Paulo kwenda Roma ilipokawia mahali paitwapo Bandari Nzuri. Siku zilikuwa zimekwenda na bahari imeanza kuchafuka. Paulo aliwaonya wasiendelee. Nahodha na mwenye meli hawakukubali. Walitaka kujisogeza hadi Foinike, bandari nyingine ya kisiwa hicho hicho, wapitishe huko majira ya baridi. Upepo ukashuka kutoka nchi kavu ukawachukua. Kisiwa ni Krete. Nilipokuwa nikiusikiliza mlango huo kanisani kwetu Kagera, mawazo yangu yote yalikuwa melini, kwa mabaharia wanaotupa shehena majini. Haikunijia kuuliza habari za watu wa kisiwani: siku hizo walikula nini, walilala wapi, watoto wao waliota moto wa nani. Ndoa ilinileta huku, na sasa hao watu wa kisiwani ndio sisi.

Wageni wengi huijua Krete ya Julai. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Ukubwa wake ni takriban mara tano ya Unguja, na wakazi wake wanazidi 600,000. Lakini kwa nusu ya mwaka kisiwa ni cha wageni. Kuanzia Aprili hadi Oktoba mume wangu yuko jikoni katika hoteli ya pwani, mimi natandika vitanda katika hoteli nyingine, na watoto wanalelewa na bibi yao. Mume na mke tunaachiana ujumbe mezani. Kisha msimu unafungwa. Ndege zinazotoka moja kwa moja Ujerumani na Uingereza zinakoma karibu zote. Korongo la Samaria, ambalo watu hulishuka kwa miguu kilomita 16 mpaka baharini, linafungwa hadi Mei. Viti vya migahawa vinapandishwa juu ya meza na kufunikwa turubai, na wafanyakazi wa hoteli wanakwenda kujiandikisha wapate posho ya wasio na kazi. Hapo ndipo familia zinapoonana.

Kwa kipimo cha hewa, baridi yetu si kubwa. Katika mji wa Chania, ulio karibu nasi, wastani wa Januari ni kama nyuzi 11 au 12, na mtu wa Makete au Njombe atasema hiyo ni asubuhi ya kawaida ya Julai. Shida iko ndani ya nyumba. Nyumba nyingi zimejengwa kwa zege na kutandazwa vigae sakafuni ili kulishinda joto la Agosti. Mvua za Novemba zikianza, kuta zinanyonya maji na kutoa ukungu mweusi kwenye kona, shuka zina unyevu hata usiku wa kwanza wa kutandikwa, na mara nyingi ndani kuna baridi kuliko nje. Mtambo wa jua ulioko juu ya paa, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hutupa maji ya moto bure, unashindwa wiki ya mawingu. Nyuma yetu imesimama Milima Myeupe, ambayo kilele chake kirefu kinapita mita 2,450. Theluji ikitanda huko, upepo unaoshuka unakufikia ukiwa umevaa sweta mbili na bado unajikunyata. Upepo wa kusini nao huleta vumbi la Sahara, mbingu ikawa nyekundu mchana kutwa, na mvua ikinyesha juu ya vumbi hilo, magari yote kijijini yanaamka yamepakwa tope.

Nyumba ya wakwe zangu ina vyumba vitano na moto mmoja. Moto uko ndani ya soba, jiko la chuma la kuni lenye bomba refu linalotoa moshi nje kupitia ukutani, na soba iko katika chumba kile kile cha kupikia na kulia. Mama mkwe huiwasha alfajiri kwa matawi makavu ya mzeituni. Kuanzia hapo mpaka usiku mlango wa chumba hicho hauachwi wazi. Anayetoka huambiwa afunge nyuma yake. Vyumba vingine ni vya kulala tu. Unakimbilia chini ya mablanketi, na asubuhi unakimbia kurudi.

Mwanzoni hali hiyo iliniwia vigumu. Mke mgeni anahitaji mahali pa kujificha: pa kulia kidogo, pa kuzungumza na mama yake kwa simu bila kusikilizwa. Mimi nilikuwa napiga simu Kagera nikiwa nimekaa katikati ya mama mkwe anayechambua dengu na baba mkwe anayetazama taarifa ya habari kwa sauti ya juu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona kelele hivyo, uko sokoni?”

“Niko nyumbani, mama. Tumo wote chumba kimoja, ndicho chenye moto.”

Akanyamaza kidogo. “Basi umeolewa vizuri,” akasema. “Bibi yako alitulea hivyo hivyo.”

Alikuwa akikumbuka msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi waliyoijenga Wahaya wa zamani, ambamo watu na ng’ombe walilala chini ya paa moja na moto ukawa ndani. Mimi nilikulia katika nyumba ya bati yenye korido, kwa hiyo maneno yake niliyapokea kwa heshima tu. Nilihitaji kupita majira kadhaa ya baridi ndipo niyaelewe.

Jioni moja kijana wetu mkubwa aligombana na baba yake kwa sababu ya simu. Akainuka, akaubamiza mlango, akaenda chumbani kwake. Katika nyumba yenye joto kila mahali angejifungia huko mpaka kesho, na kesho kisa kingekuwa kimeota mizizi. Lakini chumbani kwake pumzi ilikuwa ikionekana kama moshi. Baada ya muda mlango ukafunguka, akaingia amejifunga blanketi, uso bado umekunjwa. Babu yake hakusema neno. Alijisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi karibu na soba, akamkabidhi njugu za chestinati zilizokuwa zikichomwa juu ya chuma, zile zinazotoka vijiji vya Elos milimani. Kijana akaanza kumenya. Baadaye baba yake akanyoosha mkono akachukua moja kutoka kwake. Ndivyo ugomvi ule ulivyokwisha, na hakuna aliyehutubia.

Nimeshuhudia jambo hilo kwa namna nyingi. Mtu akikasirika, hana pa kwenda. Mtu akiwa na huzuni, anaonekana. Mtoto asiyeelewa hesabu hawezi kuificha, kwa sababu daftari lake liko mezani mbele ya watu watano, na shangazi aliyekuja kuazima chumvi atalichungulia. Mama mkwe huweka maganda ya machungwa juu ya soba ili chumba kinukie. Huchoma mkate, huumwagia mafuta mabichi ya zeituni na kuunyunyizia majani makavu. Huchemsha chai ya majani ya mlimani ambayo wenyeji huiita malotira. Kila kinachopikwa kinapikwa mbele yetu, na binti yangu amejifunza mapishi ya Krete kwa kutazama, bila kufundishwa na mtu.

Kazi yenyewe ya majira haya ni zeituni. Huanza Novemba na huweza kufika mwishoni mwa Januari, kutegemea mvua na wingi wa matunda. Mzeituni wetu ni wa aina iitwayo Koroneiki, wenye tunda dogo lenye mafuta mengi, na tabia yake inafanana na ya mibuni ya kwetu: mwaka huu hujaa, mwaka ujao hupumzika. Tunatandaza nyavu chini ya miti mapema umande ukiwa bado haujakauka. Wanaume hushika fito ndefu zenye vidole vinavyozunguka kwa umeme, wakapukutisha matawi. Wanawake na watoto hukokota nyavu, huokota vijiti na majani, hujaza magunia. Kila mwaka anakuja bwana mmoja kutoka Albania, ambaye ameifanya kazi hii huku kwa miaka mingi, kama Waalbania wengi waliofika Ugiriki kuanzia miaka ya 1990. Mchana anakula nasi chini ya mti: dengu, vitunguu vibichi, jibini, zeituni za mwaka jana. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuukunja wavu matunda yasimwagike. Wageni tulifundishana kabla wenyeji hawajapata muda.

Jioni magunia hupelekwa kinuni, kwani zeituni zikikaa huanza kuvunda na mafuta huharibika. Kinu wakati huo hakilali. Unapanga foleni, unasikia mashine zikiosha, zikisaga, zikikoroga ule ujiuji, na bwana wa kinu analinda joto lisipite nyuzi 27, maana joto likizidi mafuta hutoka mengi lakini ladha na harufu hupotea. Kilo nne au tano za zeituni hutoa kilo moja ya mafuta. Kisha husomwa asidi: ikizidi asilimia 0.8 mafuta hayawezi kuuzwa kama ya daraja la juu kabisa. Nimewaona wazee wakivua kofia wakati namba hiyo inasomwa. Mafuta ya kwanza yanatoka ya kijani kibichi na yanawasha koo, na tunayala pale pale kwa mkate. Mashudu yanayobaki hayatupwi. Hukaushwa yakawa kuni. Hapo karibu, katika kijiji cha Ano Vouves, kuna mzeituni ambao wataalamu wanaukadiria kuwa na miaka isiyopungua 2,000, na bado unazaa. Watoto wangu hucheza ndani ya tundu la shina lake. Napenda kufikiri kwamba siku ile Paulo anapigwa na upepo, ulikuwa mti mchanga unaochumwa na familia fulani yenye haraka kama sisi.

Mama yangu akipiga simu huuliza kwanza chakula. Mvua za mwanzo zinaleta konokono, na watu wa kijiji hutoka na tochi na ndoo kuwaokota kwenye kuta za mawe. Hukaangwa kwa chumvi, kisha hutiwa siki na rozimari. Nilipomweleza mama, nilitarajia ashangae. Akasema, “Kwani sisi Novemba hatutoki usiku kwa ajili ya senene?” Ni kweli. Mvua ileile ya Novemba, tochi zilezile, kelele zilezile za watoto, mahali pawili palipotenganishwa na bahari na jangwa zima. Baada ya konokono yanakuja majani ya porini. Mama mkwe huinama kwenye mteremko na kisu kidogo, akang’oa aina ambazo mimi bado nazichanganya, tukazichemsha na kuzila kwa mafuta na limau karibu kila siku. Mmarekani Ancel Keys na wenzake, katika utafiti wao wa nchi saba ulioanza mwaka 1958, waliwapima wanaume wa vijiji vya Krete wakawakuta wanakufa kwa ugonjwa wa moyo mara chache mno kuliko wengine. Siku hizi watu husema ni mafuta ya zeituni tu. Mimi ninayeosha hayo majani kwa maji ya baridi, na kuupanda mteremko huo, naona kuna mengi zaidi ya chupa ya mafuta.

Sikukuu nazipita haraka, ingawa watoto wasingenisamehe kwa hilo. Lakini Mwaka Mpya una desturi ambayo sitaisahau. Usiku wa manane familia yote hutoka nje, taa huzimwa, na mtu mmoja huchaguliwa awe wa kwanza kuvuka kizingiti, kwa mguu wa kulia, aingize heri ya mwaka. Wengi humchagua mtoto. Mwaka mmoja, baada ya mwaka mbaya wa magonjwa na zeituni chache, mama mkwe alinishika mkono mbele ya shemeji na mawifi zangu wote akasema, “Ataingia mke wetu.” Akanipa komamanga nilipasue kizingitini, punje zitawanyike. Niliingia nikitetemeka, wala haikuwa baridi. Kesho yake tukakata keki ya Mtakatifu Basili yenye sarafu ndani: kipande cha kwanza cha Kristo, kinachofuata cha Bikira Maria, kisha cha nyumba, cha maskini, halafu watu kwa umri. Changu kilikatwa kwa nafasi ya mkwe mkubwa.

Katikati ya Januari, mara nyingi, upepo hulala. Siku hizo tulivu wenyeji huziita siku za mdiria, kwa kufuata ngano ya kale kwamba bahari hutulizwa ndege huyo aatamie mayai yake. Zinapofika, kijiji kizima huanika mablanketi.

Usiku ukirefuka, hadithi hurefuka. Baba mkwe alizaliwa baada ya vita, lakini anavisimulia kama aliyekuwapo, kwa sababu alivisikia mbele ya soba hiyo hiyo kutoka kwa mama yake: jinsi askari wa Ujerumani walivyoshuka kwa miavuli tarehe 20 Mei 1941 kuzunguka uwanja wa Maleme, jinsi kijiji cha Kandanos kilivyobomolewa chote tarehe 3 Juni kwa kulipiza kisasi, na jinsi watu waliokosa paa walivyopokelewa na ndugu, familia mbili au tatu zikaupitisha mwaka kwenye moto mmoja. Akimaliza, ni zamu yangu. Nasema, “Paukwa!” na mzee wa Krete wa miaka sabini na kitu anajibu pamoja na wajukuu wake, “Pakawa!” Kisha nawasimulia sungura na fisi kwa Kiswahili, binti yangu akitafsiri pale babu yake anapopotea. Kiswahili cha watoto wangu kilijengwa humo, Novemba hadi Machi. Kiangazi hatukuwa na nafasi.

Sitaki msomaji afikiri kwamba baridi ni rafiki. Mwaka 2012, nchi ikiwa katika madeni na kodi ya mafuta ya kupashia nyumba joto imepandishwa, watu wengi wa Ugiriki walirudi kwenye kuni kwa kukosa njia, si kwa kupenda. Wazee wa kijiji chetu ambao watoto wao wamehamia Athens wanaota moto peke yao, na bahari ikichafuka meli za usiku za kwenda Piraeus zikazuiwa kuondoka Souda, hata mtoto anayetaka kuja hawezi. Mama mkwe ana majina yao kichwani. Kila jioni mmoja wetu hutumwa na bakuli la supu, na agizo la kuangalia kama bomba la moshi linafuka. Na niseme hapa, kwa sababu baridi ya Lushoto, Makete na Limuru naijua: soba ina bomba la kutoa hewa chafu nje. Jiko la mkaa halina. Usilale nalo ndani ya chumba kilichofungwa. Linaua kimya kimya, na kila mwaka linaua.

Kaka yangu anajenga Bukoba. Alinitumia ramani kwa simu: vyumba vinne vya kulala, kila kimoja na choo chake na mahali pa televisheni ukutani, na sebule imebanwa kando ya mlango wa mbele, viti vya wageni tu. Ni nyumba nzuri na ameitolea jasho. Lakini nilimpigia nikamwambia jambo ambalo nisingelijua bila kuja kuishi kwenye baridi. Sisi huku tunakusanywa na hali ya hewa, tutake tusitake. Bukoba hakuna baridi ya kumtoa mtoto aliyenuna chumbani kwake. Huko watu watakusanyika iwapo mwenye nyumba amekusudia wakusanyike.

Bado anafikiri. Na wewe ambaye ramani yako iko kwa fundi, msingi haujachimbwa, nakuomba: anza kupima chumba ambacho watu wote wa nyumba yako watakaa pamoja usiku, kiwe kipana, kiwe na meza ya watoto kuandikia na nafasi ya mzee kukaa, na vyumba vingine vigawane kitakachobaki.